Ushahidi Unaofutika: Kubainisha Muundo wa Kikemia wa Polisakaridi za Uso wa Bakteria



1. Utangulizi

Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya Hib (Haemophilus influenzae aina b) mwaka 2001, ndani ya chanjo ya pamoja ya pentavalenti. Mwaka 2011 ikaongeza chanjo ya nimokoka, bakteria wa nimonia, yenye aina kumi, na baadaye watafiti wa Kilifi wakaonyesha kuwa ugonjwa mkali unaoletwa na aina zilizomo katika chanjo hiyo ulipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kinachomkinga mtoto dhidi ya Hib na nimokoka katika chanjo hizo si bakteria aliyeuawa. Ni mnyororo wa sukari uliotolewa kwenye uso wa bakteria, ukasafishwa, kisha ukaunganishwa na protini ili mwili wa mtoto uutambue na kuukumbuka.

Minyororo hiyo ndiyo polisakaridi za uso. Mada yangu inaeleza jinsi muundo wake wa kikemia unavyobainishwa: ni sukari zipi, zimeshikana kwa kaboni zipi, zimeelekea wapi, na zimebeba nini juu yake. Sitapita kwenye kila mbinu kwa urefu sawa, kwa kuwa vitabu vya mbinu vipo. Nataka kutetea hoja moja, nayo ni hii: karibu kila hatua tunayochukua kuutafuta muundo hufuta sehemu ya ushahidi wa muundo huohuo. Asidi hukata, besi huvua, methili hufunika. Kwa hiyo ubora wa kazi hautegemei ukubwa wa mashine peke yake. Unategemea zaidi mpangilio wa hatua: nini kipimwe polisakaridi ikiwa nzima, na nini kisubiri.

2. Kwa nini tofauti ndogo ni kubwa

Bakteria wengi wanaosababisha magonjwa wana polisakaridi za aina mbili usoni. Ya kwanza ni kapsuli, utando wa nje unaozizuia seli za kinga zisiwameze. Ya pili ni antijeni O, mkia mrefu wa lipopolisakaridi ya bakteria wa gram-hasi kama vile Salmonella na Vibrio cholerae. Zote mbili kwa kawaida hujengwa kwa kipande kifupi kinachojirudia mara nyingi, mara chache kikiwa sukari moja, mara nyingi sukari mbili hadi saba. Ukikijua kipande hicho, umeujua mnyororo.

Mwaka 1917 Dochez na Avery, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, walikuta kwenye mkojo na damu ya wagonjwa wa nimonia kitu kinachoyeyuka kilichoitambulisha aina ya nimokoka iliyowaletea ugonjwa. Mwaka 1923 Heidelberger na Avery walionyesha kuwa kitu hicho ni polisakaridi. Wanakemia wa wakati huo hawakuamini kwa urahisi, maana ilishikiliwa kuwa protini pekee ndizo zenye umahususi wa namna hiyo. Aina ya 3 ilikuwa rahisi kuliko nyingi: glukosi na asidi glukuroniki zikipishana. Hata hivyo, mpaka Reeves na Goebel wanaukamilisha muundo wake ilikuwa mwaka 1941, miaka kumi na minane baadaye.

Ugumu huo una sababu yake. Molekuli mbili za glisini zikiungana hutoa dipeptidi moja tu. Molekuli mbili za glukosi zenye pete ya atomu sita zinaweza kuungana kwa namna kumi na moja: nane zinapatikana kwa kuishika kaboni namba 2, 3, 4 au 6 kwa alfa au beta, na tatu zinapatikana pale kaboni namba 1 zote mbili zinaposhikana. Ongeza sukari ya tatu na ya nne, ongeza uwezekano wa matawi, fosfeti na asetili, utaona kwa nini nimokoka peke yake ana aina zaidi ya mia moja za kapsuli.

Kila anayekwenda Hija kutoka Afrika Mashariki hudungwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo yenye herufi A, C, W na Y. Saudi Arabia iliiweka kuwa sharti baada ya mlipuko wa kundi W uliowakumba mahujaji mwaka 2000. Kapsuli ya W ni galaktosi na asidi sialiki zinazopishana. Kapsuli ya Y ni glukosi na asidi sialiki zinazopishana, kwa viungo vilevile. Galaktosi na glukosi zina atomu sawa kwa idadi na kwa mpangilio, na zinatofautiana mahali pamoja tu: upande ambao kundi la haidroksili la kaboni namba 4 limeelekea. Kwa spektrometa ya tungamo, vipande vya W na Y vina uzito uleule. Kwa kingamwili, ni vitu viwili, ndiyo maana herufi zote mbili zimo katika sindano moja.

Makundi B na C yana sukari moja tu, asidi sialiki. Katika B kaboni namba 2 ya sukari moja imeshika namba 8 ya jirani yake. Katika C imeshika namba 9. Mnyororo wa B unafanana na ule uliopo kwenye seli za ubongo wa mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwili hauuoni kuwa mgeni. Ndiyo sababu chanjo za kundi B zilizopo zimejengwa kwa protini, wakati C ilipata chanjo ya polisakaridi bila shida.

3. Maswali sita

Muundo hauwezi kudaiwa kuwa umebainishwa mpaka maswali haya yajibiwe, kila moja kwa ushahidi wake:

(a) Ni sukari zipi, na kwa uwiano gani?
(b) Kila sukari ni ya umbo la D au la L?
(c) Pete yake ina atomu tano au sita?
(d) Kiungo ni alfa au beta?
(e) Kiungo kinatoka kaboni ipi kwenda ipi, na sukari zinafuatana kwa mpangilio gani?
(f) Kuna nini kisicho sukari: asetili, piruveti, fosfeti, methili, asidi amino? Kiko kwenye kaboni ipi, na kwa kiasi gani?

Makala nyingi huanza na (a) na kumaliza na (f). Mimi napendekeza tuanze na (f), na sababu zake zitaonekana kadiri tunavyoendelea.

4. Kutoa na kusafisha

Kapsuli zenye chaji hasi hutenganishwa kwa setavloni, sabuni yenye chaji chanya inayozigandisha zikazama. Gotschlich na wenzake waliitumia kwa meningokoka, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, mwaka 1969, na viwanda vimeendelea nayo kwa namna moja au nyingine. Lipopolisakaridi hutolewa kwa fenoli na maji ya moto, njia ya Westphal na Lüderitz ya mwaka 1952: bakteria waliokaushwa huchanganywa na fenoli ya asilimia 45 kwenye nyuzi 65 hadi 68 za selisiasi, mchanganyiko ukapoozwa hadi ugawanyike tabaka mbili. Lipopolisakaridi nyingi hukaa kwenye tabaka la maji, protini kwenye fenoli na katikati. Kisha huja vimeng'enya vya kula DNA, RNA na protini, na sentrifuji ya kasi kubwa.

Hapa ndipo miundo mingi ya uongo huzaliwa. Bakteria waliokuzwa kwenye mchuzi wenye dondoo ya hamira watakuletea manani ya hamira, polisakaridi safi kabisa ya manosi, ambayo haikutoka kwa bakteria. Kapsuli ya nimokoka karibu kila mara huja na C-polisakaridi ya ukuta wa seli. Hii hujitangaza yenyewe kwenye NMR (kipimo cha mwitikio wa viini vya atomu ndani ya sumaku) kwa mstari mmoja mwembamba na mrefu kwenye 3.2 ppm, ambao ni methili tatu za kolini. Mwanafunzi asipoufahamu mstari huo atahangaika kutafuta mahali pa kuuweka kwenye kapsuli. Vipimo viwili vya kawaida vinatosha kutahadharisha: sampuli isinyonye mwanga kwenye nanomita 260 na 280, na mchuzi mtupu usio na bakteria upitishwe kwenye hatua zote zilezile ili uonekane unabakiza nini.

Antijeni O inahitaji kutenganishwa na lipidi yake. Asidi asetiki ya asilimia 1 hadi 2 kwenye nyuzi 100 hukata kiungo dhaifu cha sukari iitwayo Kdo, lipidi ikazama chini. Asidi hiyohiyo inaweza kuondoka na asidi sialiki au kukata fosfeti iliyo kati ya sukari. Kwa hiyo sampuli yote isipelekwe huko. Sehemu yake ihifadhiwe ikiwa nzima, ikiwa imekaushwa kwa kugandishwa.

5. Polisakaridi ikiwa nzima

Kipimo cha kwanza kiwe NMR ya polisakaridi isiyoguswa. Miligramu chache huyeyushwa kwenye maji mazito, yaani maji yenye deuteri, na kuwekwa ndani ya sumaku yenye nguvu. Sampuli haiharibiki, na unaweza kuichukua tena.

Mistari ya hidrojeni za kaboni namba 1 hukaa peke yake kati ya takriban 4.4 na 5.6 ppm. Kwa kawaida kuihesabu ni kuhesabu sukari zilizomo katika kipande kinachojirudia. Kwa glukosi na galaktosi, umbali kati ya vilele viwili vya mstari huo husema kiungo: hezi 3 hadi 4 ni alfa, hezi 7 hadi 8 ni beta. Kwa manosi na ramnosi kipimo hicho hakisaidii, kwa sababu alfa na beta zote hutoa namba ndogo. Hapo tunatazama uhusiano wa kaboni namba 1 na hidrojeni yake, ambao ni takriban hezi 170 kwa alfa na 160 kwa beta.

Turudi kwa W na Y. Katika majaribio ya TOCSY ishara hutoka hidrojeni ya kwanza na kupokezana hidrojeni hadi hidrojeni kuizunguka pete. Katika glukosi inafika hadi kaboni namba 6. Katika galaktosi inakwama kwenye namba 4, kwa sababu uhusiano wa hidrojeni ya 4 na ya 5 ni mdogo mno kupitisha ishara. Kukwama huko si hitilafu ya mashine. Ni jibu: kwa tofauti ya mwelekeo wa kundi moja tu, umeijua W na kuitenga na Y.

Asetili huonekana karibu na 2.1 ppm. Ukiongeza besi kidogo kwenye mrija huohuo, asetili iliyoshikwa na oksijeni huachia na kuwa aseteti huru kwenye 1.9 ppm, wakati asetili iliyoshikwa na nitrojeni hubaki mahali pake. Linganisha ukubwa wa mistari miwili na utapata kiasi. Lakini hili ni jaribio la kwenda bila kurudi: kabla ya kuongeza besi, picha zote za polisakaridi nzima ziwe zimekwisha kuchukuliwa.

Umuhimu wa asetili unaonekana kwenye kundi A la meningokoka, ambalo kwa miongo mingi liliutesa ukanda unaoanzia Senegal hadi Ethiopia. Mwaka 1974, Bundle, Smith na Jennings wa Kanada walichapisha muundo wa A na wa X kwa kutumia NMR ya kaboni. A ni asetili-manosamini zilizounganishwa kwa fosfeti kutoka kaboni namba 1 kwenda namba 6. Fosforasi iliyo jirani hupasua mistari ya kaboni namba 1, 2, 5 na 6 kuwa miwili miwili, na kuiacha ya namba 3 na 4 ikiwa mmoja mmoja. Kiungo kilijieleza chenyewe. Nyingi ya sukari hizo zimebeba asetili kwenye oksijeni ya kaboni namba 3. Polisakaridi ya A iliyovuliwa asetili hiyo huamsha kinga kidogo mno kwenye panya. Kanuni hii si ya kila mahali: kwa kundi C, chanjo iliyotengenezwa kwa polisakaridi iliyovuliwa asetili inafanya kazi vizuri. Kwa Vi, kapsuli ya bakteria wa homa ya matumbo, asetili ndiyo kila kitu. Ikiondoka, uwezo wa kuamsha kinga huondoka nayo, na ndiyo maana kiasi chake hupimwa katika kila shehena ya chanjo. Hakuna awezaye kujua mapema kundi lake liko upande gani. Kwa hiyo asetili hupimwa kwanza, kabla ya yote.

Chanjo ya A iliyojengwa juu ya muundo huo, MenAfriVac, ilizinduliwa Burkina Faso Desemba 2010 kwa bei ya chini ya senti 50 za Marekani kwa dozi, na milipuko ya kundi A ikatoweka katika ukanda huo. Kundi X, ambalo muundo wake ulikaa majaridani tangu 1974, liliingia katika chanjo ya makundi matano iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023.

6. Kuvunja kwa mpango

Baada ya vipimo vya polisakaridi nzima ndipo tunavunja. Asidi trifluoroasetiki kwenye nyuzi 120 kwa muda wa saa mbili hivi hutoa sukari mojamoja, ambazo hugeuzwa kuwa aseteti za alditoli na kutambuliwa kwa kromatografia ya gesi. Mtu aliyeufumua mkeka atajua ni miyaa mingapi myekundu na mingapi myeupe, ila hawezi tena kusema ilipishanaje. Hidrolisisi, yaani kuvunja huku kwa asidi, ni hivyohivyo. Tena haifumui kwa haki. Asidi sialiki na Kdo huharibika kwa joto hilo. Asidi za uroniki hung'ang'ania jirani zao na kuonekana chache kuliko zilivyo. Asetili za nitrojeni hudondoka, na glukosamini ikaonekana kana kwamba haikuwahi kuwa na kitu. Atakayeripoti uwiano wa sukari kwa hidrolisisi moja pekee ameripoti ustahimilivu wa sukari hizo kwa asidi.

Umbo la D au la L haliamuliwi kwa mazoea. Sukari huunganishwa na alkoholi ya 2-butanoli yenye umbo moja, kisha hupitishwa kwenye kromatografia ya gesi na kulinganishwa na sampuli za kulinganishia. Njia hii ilichapishwa na Gerwig, Kamerling na Vliegenthart wa Utrecht mwaka 1978. Wapo wanaoandika L-ramnosi bila kupima kwa kuwa ramnosi nyingi ni L. Pseudomonas aeruginosa ana polisakaridi ya uso iliyojengwa kwa D-ramnosi.

Viungo hupatikana kwa kupachika methili. Kila oksijeni iliyo huru hupewa methili; kisha mnyororo huvunjwa, na penye viungo hubaki bila methili. Njia ya Hakomori ya 1964, na ile rahisi zaidi ya Ciucanu na Kerek ya 1984 inayotumia hidroksidi ya sodiamu ya unga na iodidi ya methili, bado ndizo zinazotumika. Lakini besi yake huvua asetili zote, kwa hiyo haiwezi kukuambia zilikuwa wapi.

Kuna mtego mwingine, na mfano wake ni ugonjwa tunaoujua vizuri. Kipindupindu cha kundi O1 kina namna mbili kuu, Ogawa na Inaba, ambazo maabara za hospitali hutofautisha kwa seramu kwenye kioo. Antijeni O ya zote mbili ni mnyororo uleule wa perosamini. Tofauti iko kwenye sukari moja tu, ile ya mwisho wa mnyororo: katika Ogawa oksijeni ya kaboni namba 2 imebeba methili, katika Inaba haina. Mtu akipachika methili za kawaida kote, methili ya bakteria itazama katikati ya methili za chupa, na Ogawa itasomeka kuwa Inaba. Dawa yake ni kutumia iodidi ya methili yenye deuteri. Methili za chupa zitakuwa nzito kwa vitengo vitatu kwenye spektrometa ya tungamo, na ile ya asili itaonekana kwa wepesi wake.

7. Mfano kamili: nimokoka aina ya 6

Tuchukue kesi moja inayoonyesha nguvu ya kemia ya kawaida. Kipande kinachojirudia cha aina 6A ni galaktosi, glukosi, ramnosi, ribitoli na fosfeti. Cha 6B ni vilevile, kwa mpangilio uleule. Hidrolisisi haiwezi kuzitenganisha, na uzito wake ni mmoja. Tofauti ni kwamba ramnosi ya 6A imeshika kaboni namba 3 ya ribitoli, na ya 6B imeshika namba 4.

Periodeti hukata kati ya kaboni mbili jirani ambazo zote zina haidroksili huru. Fuata ribitoli. Katika 6A namba 3 na 5 zimeshikwa; zilizo huru na jirani ni 1 na 2 tu. Mkato ni mmoja. Baada ya kurejesha kwa borohidraidi na kuvunja, hubaki alkoholi ya kaboni nne. Katika 6B zilizoshikwa ni 4 na 5. Huru ni 1, 2 na 3. Mikato ni miwili, na kinachobaki ni gliseroli yenye kaboni tatu. Mrija wa periodeti umesema kile ambacho uzito haukuweza kusema. Heidelberger na Rebers walitumia kemia ya aina hii kwa nimokoka wa aina ya 6 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Tofauti hiyo ya kaboni moja ina gharama sokoni. Fosfeti ya 6A hukatika kwa urahisi zaidi ndani ya maji kuliko ya 6B, kwa hiyo 6B ndiyo iliyochaguliwa kwa chanjo ya aina 23 ya mwaka 1983.

Kisha mwaka 2007 maabara ya Moon Nahm huko Birmingham, Alabama, ilitangaza aina ya 6C. Kwa miongo mingi seramu za sungura zilikuwa zimeiita 6A. Kingamwili za monokloni ndizo zilizoikataa. Kemia yake yaweza kusomwa kwa mkono. Kabla ya periodeti, 6A ina galaktosi moja na glukosi moja. 6C haina galaktosi, ina glukosi mbili. Baada ya periodeti, galaktosi ya 6A imetoweka na glukosi imesalia, kwa kuwa glukosi hiyo imeshikwa kwenye namba 3 na haina haidroksili mbili jirani zilizo huru. Katika 6C glukosi moja imetoweka na nyingine imesalia. Maana yake ni kwamba glukosi ya pili imekalia kiti kilekile cha galaktosi, kwa kiungo kilekile. Jeni moja ya kimeng'enya ilikuwa imebadilishwa. Hifadhi za zamani zilipofunguliwa, 6C ilikutwa imo humo siku zote chini ya lebo ya 6A.

8. Jenomu na kompyuta

Mwaka 2006 Bentley na wenzake walichapisha jeni za kapsuli za aina 90 za nimokoka. Leo maabara kadhaa za ukanda wetu zinasoma jenomu kwa kasi, na baadhi ya wenzetu wanauliza kama kemia bado inahitajika. Jenomu huonyesha kuwa bakteria ana zana za kutengeneza ramnosi, na kwamba ana vimeng'enya vinne vya kuunganisha. Mara nyingi haisemi kimeng'enya kipya kinashika kaboni ipi, wala kama jeni ya asetili inafanya kazi kwenye maabara na mwilini kwa kiwango kimoja. Vivyo hivyo programu kama CASPER ya Stockholm, inayobashiri NMR ya muundo uliopendekezwa: inapima kama pendekezo lako linakubaliana na vipimo, na pendekezo baya linaweza kukubaliana navyo. Jenomu na kompyuta zitangulie ili kupunguza uwezekano. Uamuzi ubaki kwa kemia.

9. Mapendekezo kwa maabara zetu

Mashine za NMR zenye sumaku kubwa ni chache katika ukanda wetu, na zitaendelea kuwa chache kwa muda. Hilo lisiwe kisingizio. Sehemu kubwa ya makosa niliyoyataja hutokea kabla sampuli haijafika kwenye sumaku, na sehemu hiyo iko mikononi mwetu. Napendekeza yafuatayo:

(i) Kila sampuli igawanywe mara tatu siku ileile inaposafishwa: theluthi ihifadhiwe ikiwa nzima, theluthi ivuliwe asetili, theluthi iende kwenye kuvunjwa. Lebo iseme wazi ni ipi.

(ii) Vipimo vya rangi vifanyike hapa nyumbani kwa spektrofotometa ya kawaida: fenoli na asidi salfuriki kwa jumla ya sukari, kabazoli kwa asidi za uroniki, molibdeti kwa fosfeti, na njia ya Hestrin kwa asetili. Vinne hivi vikifanyika vizuri, sampuli hupelekwa kwenye NMR ikiwa na maswali, haiendi kuomba majibu.

(iii) Mchuzi mtupu upitishwe kila mara, na daftari lionyeshe matokeo yake.

(iv) Wanafunzi wa kemia wafundishwe periodeti na upachikaji wa methili kwa mikono yao, kwa kutumia polisakaridi inayojulikana kama vile dekstrani, kabla ya kupewa isiyojulikana.

(v) Bakteria asili, mwenye namba yake na historia ya mgonjwa isiyo na jina, ahifadhiwe kwenye baridi kali mahali pawili tofauti. Kisa cha 6C kisingefumbuliwa kama hifadhi za zamani zingetupwa.

(vi) Kipaumbele kiwe Klebsiella pneumoniae wa wodi za watoto wachanga. Seramu zilitambua aina 77 za kapsuli zake; jenomu zinaonyesha nyingi zaidi, na baadhi ya hizo muundo wake wa kikemia haujabainishwa. Chanjo ya kumkinga mtoto mchanga kupitia kwa mama yake itahitaji kuchagua aina, na uchaguzi huo ufanywe kwa kuzingatia bakteria walioko hapa.

10. Hitimisho

Muundo wa polisakaridi ni hoja inayojengwa kwa ushahidi wa njia kadhaa zisizotegemeana, na nguvu yake ni sawa na hatua iliyo dhaifu kuliko zote. Asetili hupimwa kabla ya besi, asidi sialiki kabla ya asidi kali, methili ya asili kabla ya methili ya chupa. Utaratibu huo hauhitaji fedha za kigeni. Naomba semina hii iupitishe mgawanyo wa sampuli mara tatu kuwa kanuni ya maabara zote zinazoshiriki hapa, na kila kikundi kitakachowasilisha muundo mpya katika semina ijayo kije na daftari linaloonyesha hatua zipi zilitangulia na zipi zilifuata.

 Nakaribisha maswali na mkosoe bila kuoneana haya.